Kijiti Hakikimbizwi na Mtu Mmoja: Maoni Yetu Kuhusu Mbio za Kupokezana

   



Wengi wenu mnakumbuka mbio za kupokezana vijiti walizokimbia vijana wetu wakati wa likizo iliyopita. Timu zilikuwa na wakimbiaji sita sita, na kila mmoja alikimbia kipande chake kwenye barabara ya vumbi inayopita katikati ya migomba na mibuni. Kijiti chenyewe kilikuwa kipande cha mwanzi. Wazee walikaa kivulini na mama zetu walileta uji. Siku ilianza vizuri.

Haikuisha vizuri. Kijana mmoja, mdogo kwa umbo na mgeni katika michezo, alipewa kipande cha nne, chenye mlima mrefu. Alikipokea kijiti timu yake ikiwa ya kwanza, akakikabidhi ikiwa ya mwisho. Mwenzake aliyekuwa akimsubiri alikinyakua bila kumtazama, na jioni wenzake wote walikataa kula naye sinia moja. Siku ya Jumatatu alikuja madrasa, akasimama mlangoni na kusema: "Ustadh, mimi nisiandikwe tena kwenye mbio."

Baada ya hapo maneno yakawa mengi. Baadhi ya wazazi walisema mbio hizi zifutwe kabisa, kwani zimeleta chuki baina ya watoto wanaosoma juzuu moja. Wengine walisema mbio ziendelee, ila wachaguliwe wenye mbio tu na wanyonge wabaki kushangilia. Sisi tunaoandaa jarida hili tumeyasikiliza maneno yote mawili, na hatukubaliani na lolote kati ya hayo. Tunaona mbio ziendelee, na kijana yule arudi kukimbia. Tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini.

MBIO HIZI NI ZIPI?

Mbio za kupokezana vijiti tunazozifahamu zaidi ni zile za uwanjani. Watoto wetu huziona katika UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari: wakimbiaji wanne, kila mmoja mita 100 au mita 400, na kwa muda mfupi yamekwisha. Lakini zipo mbio za kupokezana za masafa marefu, ambazo hukimbiwa barabarani kwa saa nyingi, na huko mambo ni tofauti.

Wanaojulikana zaidi kwa mbio hizo ni Wajapani, nao huziita ekiden. Za kwanza zilifanyika mwaka 1917, kutoka Kyoto mpaka Tokyo, umbali wa kilomita 508, na zilichukua siku tatu usiku na mchana. Badala ya kijiti wao hupokezana mshipi wa kitambaa, unaovaliwa begani ukapita kifuani. Mkimbiaji anayemaliza huuvua, naye anayesubiri huuvaa huku akiondoka. Mshipi huo umelowa jasho la wote waliotangulia.

Mbio zao mashuhuri ni za Hakone, zinazoshindaniwa na vyuo vikuu tarehe 2 na 3 Januari kila mwaka. Wakimbiaji kumi wa kila chuo hugawana takriban kilomita 217: watano kwenda na watano kurudi. Zilianza mwaka 1920 kwa vyuo vinne tu, na mshindi wa kwanza alikuwa chuo cha ualimu. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Shizo Kanakuri. Bwana huyu alikwenda kukimbia marathoni katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, joto likamshinda akaishia njiani. Aliporudi kwao alitaka ipatikane njia ya kuwaandaa wakimbiaji wengi kwa pamoja, kwani ukimwandaa mtu mmoja akaugua siku ya mashindano, umebaki mikono mitupu. Ukiwaandaa kumi, unao kumi. Na msidhani alisahau deni lake. Mwaka 1967, akiwa mzee, alialikwa tena Stockholm, akaimalizia ile marathoni baada ya zaidi ya miaka 54!

Jirani zetu wa Kenya wamezifahamu mbio hizi kwa karibu. Mwaka 1989 wanafunzi wawili Wakenya, Joseph Otwori na Kennedy Isena, walikimbia Hakone wakiwa na chuo cha Yamanashi Gakuin, na mwaka 1992 chuo hicho kikapata ubingwa wake wa kwanza. Samuel Wanjiru alikwenda Sendai akiwa kijana mdogo, akasoma sekondari huko huku akikimbia ekiden za shule. Mwaka 2008 mjini Beijing akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Kabla ya kukimbia peke yake mbele ya dunia nzima, alikuwa amejifunza kukimbia na wenzake.

Na sisi tusiseme hatujui kupokezana. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kwa miaka mingi umekuwa ukikimbizwa nchini, wilaya hadi wilaya. Kila mtu wa Karagwe na Kyerwa ameshaona makabidhiano yake mpakani: viongozi wa wilaya inayotoa wako upande huu, wa wilaya inayopokea upande ule, na wanafunzi wamejipanga kandokando ya barabara tangu asubuhi. Ingawa siku hizi sehemu kubwa ya safari hiyo ni ya magari, funzo lake liko wazi kwamba nchi kubwa kama hii haizungukwi na mtu mmoja.

DINI YETU NA MBIO

Wapo waliotuuliza: Je, madrasa na mbio wapi na wapi? Hili tulijibu kwa utulivu, kwani muulizaji ana haki ya kuuliza.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Hadithi hiyo ameipokea Imamu Muslim. Wengi huisoma nusu ya kwanza na kuisahau ile ya pili, nasi tutairudia huko mbele. Vilevile katika Sunan Abu Daud imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.) katika safari. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda, kisha akamwambia kwa bashasha kuwa sasa wamelipana. Tazameni ucheshi huo: alishindwa na hakununa, akashinda na hakudharau.

Yuko pia Salama bin al-Akwa' (R.A.), aliyekuwa hodari wa kukimbia kwa miguu katika Masahaba. Walipokuwa wanarudi Madina kutoka katika msafara, alitokea mtu wa Ansari ambaye hakuwahi kushindwa mbio, akawa anauliza nani atashindana naye mpaka Madina. Salama hakukurupuka. Alikwenda kwanza kumwomba ruhusa Mtume (S.A.W.), aliporuhusiwa ndipo akashuka kwenye mnyama wake, akakimbia, na akamshinda. Kwa hiyo kijana anayetaka kukimbia na aanze na ruhusa ya wazazi na walimu wake.

Lakini mfano uliotugusa zaidi katika jambo letu ni ule wa mbio za farasi, uliopokewa na Imamu al-Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwagawa farasi makundi mawili. Waliokwisha kuandaliwa kwa mazoezi walikimbia kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, umbali ambao wapokezi wameukadiria kuwa maili tano, sita au saba. Ambao hawajaandaliwa walikimbia kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Banu Zuraiq, kiasi cha maili moja tu. Wote walikimbia, na hakuna kundi lililoambiwa libaki nyumbani. Ila kila kundi lilipewa masafa linayoyaweza.

Ndugu wasomaji, ikiwa farasi walipimiwa kwa uadilifu namna hiyo, vipi sisi tumpe mtoto mdogo mlima ule, halafu tumlaumu?

KILA TULICHONACHO KIMETUFIKIA KWA KUPOKEZANA

Mwanafunzi wa madrasa angekuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana elimu yake yote imemfikia kwa kupokezana. Imamu al-Bukhari alifariki mwaka 256 Hijria, zaidi ya miaka 240 baada ya kufariki Mtume (S.A.W.). Hadithi alizozikusanya alizipokea kwa isnadi: fulani kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani, mpaka kwa Sahaba aliyemsikia Mtume. Kila mmoja alibeba amana kwa kipande chake cha umri, kisha akaikabidhi kwa aliyemfuata.

Mtu anaweza kutuambia: "Lakini katika isnadi, mpokezi mmoja akiwa dhaifu hadithi nzima huhesabiwa dhaifu. Basi na timu iondoe dhaifu wake." Maneno haya yana uzito. Ni kweli, kiungo kimoja kibovu huharibu mnyororo. Lakini wanazuoni wetu walifanya nini? Hawakufunga milango ya darasa wakabaki na wenye akili kali peke yao. Waliwafundisha wanafunzi wao kuhifadhi, kuandika na kusema kweli, mpaka wakawa watu wa kuaminiwa. Tofauti ni kwamba mpokezi wa hadithi alikwishapita na hatuwezi kumrekebisha, ila mtoto wa darasa la tano yuko mbele yetu, na mwaka ujao atakuwa na mwaka mmoja zaidi.

Dola za Kiislamu nazo zilijua thamani ya kupokezana. Zilikuwa na barid, yaani posta ya wapanda farasi waliobadilishana katika vituo. Sultani Baybars wa Misri, aliyetawala kuanzia mwaka 1260 hadi 1277, aliifufua, na habari zikawa zinatoka Cairo hadi Damascus kwa takriban siku nne. Farasi mmoja asingeweza safari hiyo kwa mwendo huo hata angekuwa hodari namna gani.

Hata Uislamu kufika huku kwetu ni habari ya namna hiyohiyo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, hapa Karagwe, enzi za Omukama Rumanyika ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Njia yao ilitoka pwani, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikaja Karagwe, ikaendelea hadi Buganda. Shahada na sala vilipita njia hiyohiyo ya pembe na vitambaa, kituo kwa kituo, mdomo kwa mdomo. Babu zetu walipokea na wakakabidhi, na leo zamu ni yetu.

MALALAMIKO YA WAZAZI

Hatutaki kuyafunika malalamiko. Tutayataja moja baada ya jingine.

La kwanza ni muda wa Qur'an. Mzazi mmoja alituambia: "Maalim, mimi nilimleta mwanangu ahifadhi, sikumleta akimbie." Tunakubali kwamba mwaka jana, wiki mbili kabla ya mbio, baadhi ya vijana walikuwa wanasinzia kwenye darsa, na kosa ni letu. Mazoezi yaliwekwa alasiri, wakati wa murajaa. Yakiwekwa asubuhi za Jumamosi na Jumapili hayagusi somo lolote. Kwa upande mwingine tukumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuutumia mwili kila siku. Mtoto anayekaa kitako toka asubuhi shuleni, kisha jioni madrasa, mwili wake unadai haki yake, na akili yake inachoka pamoja nao.

La pili ni kazi za nyumbani. Msimu wa kahawa kila mkono unahitajika shambani, na mtoto wa huku kwetu anachota maji na kukata majani ya mbuzi kabla hajavaa sare. Wazazi wanauliza kama hayo si mazoezi tosha. Ni mazoezi, tena makubwa! Vilima vyetu viko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtoto anayepanda na ndoo ya maji kichwani ana mapafu ambayo watu wa mjini wanayatafuta kwa fedha. Tunachoomba ni kwamba mbio zisiangukie msimu wa mavuno, wala masika.

La tatu ni mabinti zetu. Mwaka jana hawakukimbia, na tulipoulizwa sababu hatukuwa na jibu zaidi ya kusema hatukujipanga. Hilo si jibu la dini. Mfano wa Bibi Aisha (R.A.) tumeutaja. Kinachotakiwa ni stara, na stara inawezekana: mavazi mapana yasiyobana wala kumkwaza anayekimbia, mbio zao ziwe siku yao na njia yao, wasimamizi wawe walimu wa kike na mama zao. Dunia nzima ilimwona Sifan Hassan, aliyezaliwa Ethiopia na kukimbilia Uholanzi, alipopanda jukwaani mwaka 2024 mjini Paris kuvishwa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki akiwa amejifunika hijabu. Na Mtanzania mwenzetu Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Mabinti wa nchi hii wanaweza. Mzazi asiyeridhika na masharti tutakayoweka atuambie, nasi tutamsikiliza. Lakini kuwaacha mabinti kwa uvivu wetu, kisha tukauita uvivu huo dini, hapana.

La nne ni usalama, na hili ndilo zito kuliko yote. Barabara zetu zina bodaboda, magari ya abiria na malori ya ndizi, na asubuhi kunakuwa na ukungu. Hatutaki mtoto wa mtu akimbie kwenye barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, kwani magari huko huenda kasi. Njia za vumbi za ndani ya vijiji zinatosha, tena baada ya kutoa taarifa kwa viongozi wa kijiji na polisi, na kila kona akisimama mtu mzima mwenye kitambaa chekundu. Kama hayo hayawezekani, basi mbio zifanyike kuzunguka uwanja hata mara ishirini. Kijiti hakiulizi kama njia imenyooka au inazunguka.

La tano ni ule uhasama tulioanza nao.

KIJANA WA KIPANDE CHA NNE

Tuseme kweli, kijana yule hakuiangusha timu yake. Timu ndiyo iliyomwangusha, na sisi walimu tulikuwa wa kwanza. Tulimpa mlima kwa sababu wenye nguvu walivichagua vipande vya tambarare na cha mwisho cha kushangiliwa. Hakuna aliyewahi kuipita njia ile pamoja naye kabla ya siku yenyewe. Hakuna aliyemuuliza kama asubuhi ile alikuwa amekula.

Sasa wanafunzi wetu wapendwa, chukueni kalamu tufanye hesabu kidogo. Tuseme kila kipande ni kilomita mbili. Mwenye mbio kuliko wote katika timu anakimaliza kwa dakika saba. Afanye mazoezi mwezi mzima, pengine atapunguza sekunde kumi, kwa sababu amekwisha kukaribia mwisho wa uwezo wake. Mnyonge wa timu anakimaliza kwa dakika kumi na nne. Akisindikizwa na wenzake mwezi huohuo, akafundishwa kupanga pumzi na kutoanza kwa pupa, anaweza kufika kwa dakika kumi na mbili. Amepunguza dakika mbili nzima! Kwa kuwa muda wa timu ni jumla ya muda wa wote, nani ameisaidia timu zaidi? Timu yenye akili humfanyia mazoezi zaidi yule wa mwisho.

Hapo ndipo mbio ndefu za kupokezana zinapotofautiana na mbio za mtu mmoja. Ukikimbia peke yako, unyonge wa jirani yako ni faida yako. Ukikimbia kwa kijiti, unyonge wa mwenzako ni mzigo wako, na nguvu yake ni nguvu yako. Tunadhani hilo ndilo funzo la jamaa, la safu ya sala na la ujirani mwema. Tunalisema kila Ijumaa, na barabarani mtoto analiona kwa macho yake.

Na ile hadithi tuliyoahidi kuirudia inasema katika wote wawili, mwenye nguvu na dhaifu, mna kheri. Kheri ya kijana yule tuliiona lakini hatukuitaja. Alipofika katikati ya mlima alikuwa amepitwa na wote, watoto wa kijijini wanamcheka, na angeweza kukaa chini ya mgomba akasema mguu unauma. Hakukaa. Alikileta kijiti. Watanzania tunamkumbuka John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Washindi wengi wa miaka ile tumewasahau, yeye hatujamsahau. Tena mwaka 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitupatia dhahabu ya kwanza ya nchi yetu katika mashindano ya dunia ya riadha, kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani aliyemfuata. Walitenganishwa na chembe tu za sekunde. Kilomita 42 na zaidi zikaamuliwa kwa hatua ya mwisho! Asiyekata tamaa hajui ni hatua ipi itakayohesabiwa.

TUNAPENDEKEZA HIVI

1. Kila timu iwe na wakimbiaji sita: wawili wakubwa, wawili wa kati na wawili wadogo. Pasiwe na timu ya wateule.

2. Vipande visilingane. Katika marathoni ya kupokezana inayokimbiwa kimataifa watu sita hugawana kilomita 5, 10, 5, 10, 5 na 7 na ushei. Sisi tupunguze sana: wadogo kilomita moja, wa kati mbili, wakubwa tatu. Jumla ni kilomita 12 kwa timu. Mlima wapewe wakubwa.

3. Timu ifanye mazoezi pamoja kwa wiki sita, na zawadi moja itolewe kwa timu ambayo mkimbiaji wake wa mwisho ameongeza mwendo zaidi kuliko wa timu nyingine.

4. Anayepokea kijiti amwambie anayekabidhi "Jazakallahu khayra" kabla ya kuondoka. Ni sekunde moja tu, nayo haitapoteza ushindi wa mtu. Baada ya mbio timu ile sinia moja. Asiyetaka kula na mwenzake, matokeo ya timu yake yafutwe.

5. Mbio zianze kiasi cha saa moja asubuhi, watoto wakiwa wamekunywa uji, na zimalizike mapema ili Adhuhuri iwakute wote wameoga. Zisifanyike Ramadhani. Mtoto mwenye pumu, selimundu au maradhi ya moyo, mzazi atuarifu kabla, naye atapewa kazi ya kushika saa au kugawa maji. Hiyo nayo ni nafasi katika timu.

6. Pasiwepo kamari wala kuwekeana fedha. Zawadi itoke kwa wafadhili au madrasa: misahafu, madaftari, viatu vya raba.

7. Mabinti wawe na mbio zao kwa masharti tuliyoyaeleza.

KARAGWE NA KYERWA

Jambo la mwisho. Mpaka mwaka 2012 Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja. Sasa tuna halmashauri mbili, ofisi mbili na bajeti mbili, lakini makaburi ya babu zetu hayakuhamishwa, na shangazi wa Nkwenda bado ana mpwa Kayanga. Watoto wetu wanakua wakijua mpaka kuliko walivyojua wazazi wao. Tungependa, inshaallah, madrasa za pande zote mbili zikae pamoja, na mwaka mmoja kijiti kianze kwa watoto wa Karagwe kikamalizwe na watoto wa Kyerwa, na mwaka unaofuata kianzie Kyerwa. Kila timu iwe na watoto watatu wa huku na watatu wa kule. Hapo hakuna wilaya itakayoweza kujisifu kuwa imeishinda nyingine.

Gharama yake si kubwa. Mwanzi tunao, njia tunazo, uji mama zetu wanajua kuupika. Kinachohitajika ni wazazi kukubali, na walimu kuamka mapema.

Yule kijana tumezungumza naye. Hakutujibu kwa maneno, lakini Jumamosi iliyopita tulimwona akipanda ule mlima taratibu, na pembeni yake alikuwa yule mwenzake aliyenyakua kijiti mwaka jana. Hatukuwaita. Tuliwaacha wapite.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape watoto wetu afya ya miili na usalama wa nyoyo, awajaalie kuwa wenye kupokea amana vizuri na kuikabidhi vizuri. Palipo na sawa katika maneno haya ni kwa taufiki Yake, na palipo na kosa ni letu, nasi tunamwomba atusamehe.